Mume wa Milimita Hamsini

Picha ilikuwa safi, ila haikuwa safi mahali pake. Kitasa cha mlango kilionekana hadi mikwaruzo ya funguo, kalenda ya ukutani ilisomeka tarehe zote, na ufa mwembamba juu ya dirisha, ambao fundi rangi aliapa kuwa ameuziba, ulijianika kama kawaida. Lakini Mwalimu, aliyekaa mbele ya hivyo vyote na ambaye ndiye aliyelengwa, alionekana kama mtu aliyepigwa picha nyuma ya mvuke wa sufuria.

"Umetikisika," mke wake akamwambia.

"Mimi? Nimekaa kama gunia la mchanga."

"Basi umepumua."

"Hilo nakiri," Mwalimu akasema. "Nina mazoea hayo tangu utotoni."

Akacheka peke yake. Mke wake alikuwa mtu wa kutafuta kosa lilipo kabla ya kutafuta la kuchekea. Mtaani walimwita Bi Flashi, jina alilolichukia na kuliitikia. Alikuwa na shahada ya fizikia ukutani mwa studio, na studio yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango wake wa kutokea barabarani. Mumewe alifundisha jiografia sekondari. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata yeye mkewe, mwaka wa tisa sasa. Na Mwalimu alikuwa mtu wa aina ile ambayo hotelini huagiza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mhudumu hakusikia.

Akapiga tena. Kitasa safi, Mwalimu mvuke.

Kosa, aliamini, lilikuwa kwenye lenzi, na lenzi aliinunua mwenyewe siku tatu nyuma, akili zake zikiwa timamu. Ile iliyokuja na kamera yake ya dijitali ilianguka kutoka mezani ikafa palepale bila kuaga, na bei ya mpya ilikuwa bei ya kitu chenye magurudumu. Akaenda kwa Fundi. Fundi alitengeneza kamera tangu zama za filamu, na chini ya meza yake aliweka beseni la plastiki lililojaa lenzi za zamani, zile nzito za chuma, zisizo na umeme wala akili, ambazo unazungusha shingo zake kwa vidole mpaka unachokitaka kikae sawa. Wateja walizikimbia. Bi Flashi, aliyejua kwamba mwanga hauulizi kioo kina umri gani, aliketi kwenye kigoda akalichambua beseni kama mtu anayechambua mchele.

Alikuwa na utaratibu. Kwanza aliimulika kila moja kwa tochi ya simu, kutokea nyuma, akitafuta kuvu, ile minyuzi inayoota ndani ya kioo kilichokaa unyevuni. Kisha alifungua na kufunga tundu la mwanga, kuona kama vibapa vyake vimelowa mafuta. Kisha akaitikisa sikioni. Moja ilikuwa na kuvu, nyingine ilikohoa, na nyingine ilikuwa na mdudu mzima aliyefia ndani, ambaye Fundi alisema hana madhara, haonekani kwenye picha.

"Hata mimi sionekani kwenye picha zangu," Bi Flashi akamjibu, "lakini madhara ninayo."

Ya mwisho ilikuwa ndani ya soksi ya sufu. Milimita hamsini, tundu pana, kioo safi kiasi cha kutia aibu. Shingo yake ilizunguka kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho.

"Hii mbona imebaki?"

"Mdomo wake hauingii kwenye kamera za siku hizi. Inataka pete." Fundi akachakura kopo la biskuti, akatoa duara jembamba la shaba. Pete ni jina la mafundi tu. Ni kiungo, upande mmoja unashika lenzi ya zamani, wa pili unashika kamera mpya. "Ila hii ina kiburi. Kila anayejaribu kuivisha, inamkataa."

Ikamkataa Fundi. Ikamkataa Bi Flashi mara mbili. Mara ya tatu akaikumbatia lenzi kifuani, akaibembeleza kama wanavyobembelezwa wanaume wagumu: "Haya, mume wangu, tulia. Leo nakuvisha pete."

Kli.

Fundi akapiga makofi. "Shahidi mimi hapa!"

Wakacheka wote wawili. Alipoifunga kwenye kamera, kioo cha nyuma kikaandika HAKUNA LENZI, maana kamera za siku hizi haziamini kitu kisichozungumza nazo kwa umeme. Fundi akamwonyesha mahali pa kuiamuru ipige hivyohivyo. "Ikikuambia hakuna kitu, usiisikilize," akasema.

Sasa Bi Flashi alifanya alichofundishwa chuoni, yaani kupima. Akavuta utepe wa kupimia kutoka kwenye lenzi hadi kwenye kigoda, mita moja na nusu kamili. Akaweka chupa juu ya kigoda: safi. Kitabu: safi. Paka wa jirani, kwa sekunde mbili alizokubali: safi hadi masharubu. Wateja wa picha za pasipoti waliokuja asubuhi hiyo walitoka wazuri kuliko walivyoingia, na mmoja akaomba nakala za kuwaringishia shemeji zake. Akamrudisha Mwalimu kwenye kigoda kilekile. Mvuke.

"Labda ni ngozi yangu," Mwalimu akasema. "Imegoma."

"Nyamaza, nafikiri."

Akawasha mistari. Kamera yake ilikuwa na msaada kwa wanaolenga kwa mkono: chochote kilichokaa sawa kwenye lenzi, kioo cha nyuma hukichorea ukingo mwekundu, ili macho yasipate shida. Akazungusha shingo ya lenzi taratibu. Mistari myekundu ikatambaa sakafuni, ikapanda miguu ya kigoda, ikafika kwa Mwalimu, ikampita. Iliuruka mwili wake wote bila kuugusa, na umbali wa mkono mmoja nyuma yake, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila hewa na vumbi la saa tisa alasiri, ikachora bega.

Bega tu. Mteremko kutoka shingoni, kisha mshono wa koti.

Akainua macho. Mwalimu, kigoda, ukuta. Akayarudisha kwenye kioo. Mistari ilikuwa imeshuka, inachora kiwiko.

"Nini?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna. Toka hapo, njoo huku kwangu."

"Kuna nini?"

"Nimesema njoo."

Alipopita karibu yake ndipo ilipomfikia harufu, na haikuwa ya Mwalimu: sufu iliyolowa, ikafungiwa sandukuni kabla ya kukauka.

Hakumwambia kitu. Mtu aliyesoma fizikia hamwambii mumewe kwamba hewa ina bega. Akaitoa lenzi kwenye kamera, akajaribu kuivua ile pete ili airudishe kwa Fundi kama ilivyokuwa, na pete haikutoka. Haikutoka kwa kitambaa, haikutoka kwa mafuta, haikutoka kwa koleo, wala haikutoka kesho yake kwa Fundi mwenyewe na vifaa vyake vyote. "Mlivyopendana," Fundi akasema, akamrudishia.

Akaifungia kwenye droo ya studio. Mchana, akiwa anakata picha za mteja, akasikia ndani ya droo krrr ndogo, ya chuma kinachozunguka kwenye chuma. Ikasimama, ikarudi nyuma kidogo, ikasimama tena. Sauti hiyo aliijua vizuri. Ni sauti ya mtu anayelenga.

Jioni Mwalimu alirudi na habari. "Leo nimehesabiwa pamoja na madawati," akasema. Mkuu wa shule aliingia darasani yeye akiwa katikati ya kufundisha, akawauliza wanafunzi mbona wamekaa bila mwalimu, na wanafunzi wakasema hawajui. Alilisimulia kwa mzaha, huku akiigiza sauti ya mkuu. Siku iliyofuata kinyozi alinyoa watu wanne waliomkuta kwenye foleni. Siku ya tatu mzaha uliisha: jina lake halikuwamo kwenye ratiba, na alipouliza, karani alijibu huku akitazama pembeni, kama mtu anayejibu redio.

"Najisikia nimefutwa," akasema. "Siyo sana. Kwa ufutio mbaya, ule unaoacha alama."

"Umechoka tu. Lala mapema."

Lakini yeye mwenyewe hakulala, wala mchana hakutulia. Alianza kazi tatu akaacha zote katikati, alifunga dirisha akalifungua, alimkaripia mteja kwa kukohoa, na kila alipopita ukumbini alikuta kiti cha kona, ambacho hakuna aliyekikalia, kimesogea kidogo kuelekea mezani.

Jumamosi asubuhi akamimina chai vikombe viwili, kama alivyomimina kila Jumamosi kwa miaka tisa, akatia sukari vijiko viwili katika kile cha Mwalimu, akakikoroga, akakibeba kwa uangalifu kisimwagike, akakiweka mezani, akaketi, akaanza kuzungumza, habari za kawaida, za bomba la jikoni na za mpangaji wa jirani anayeanika nguo kwenye uzio wao, na alikuwa amezungumza muda mrefu, kwa raha ambayo hakuwa nayo wiki nzima, na alikuwa hata amesikilizwa, aliona hivyo, alisikilizwa vizuri kabisa, ndipo akasikia sauti ndogo upande wa pili wa meza ikisema, siyo kwa mara ya kwanza:

"Bosi, cha kwangu kiko wapi?"

Mwalimu alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, mikono mitupu. Kikombe kilikuwa mbele ya kiti cha kona. Na chai ndani ya kikombe kile ilikuwa imepungua.

Akampigia simu Shangazi.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake, alikuwa mkunga mstaafu, na alijulikana na wachache kwamba huwatolea watu na vitu vingine visivyo watoto. Hakuwa na kibao barabarani, wala shuka jekundu, wala sauti ya kuazima; angekuwa navyo Bi Flashi asingemwita, maana alikuwa na orodha ndefu ya watu wasioweza kumdanganya, na waganga wa vibao waliiongoza. Alikuja na mkoba wake wa kazini na miwani yake, akaketi, akashusha pumzi.

"Mumeo yuko wapi?"

"Huyo hapo pembeni yako, Shangazi."

Shangazi akageuka. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa. "Ee, mkwe wangu. Nisamehe. Hujambo?"

"Sijambo kiasi," Mwalimu akasema, kisha akalirudia kwa nguvu zaidi.

Shangazi akaishika lenzi, akainusa, akaiweka chini haraka. Wote watatu wakajikuta wananong'ona, ingawa ilikuwa saa tano asubuhi na nje watu walikuwa wanapiga kelele za kawaida.

"Hiyo pete uliivisha kwa maneno gani?"

"Maneno gani, Shangazi, ni chuma tu, niliiambia itulie—"

"Yaleyale. Usinipambie. Ulimwitaje?"

Bi Flashi akajifanya hakumbuki. Shangazi akamtaka ampigie Fundi, na simu ikawekwa sauti ya juu. "Alisema, haya mume wangu, tulia, leo nakuvisha pete," Fundi akajibu kwa furaha. "Mimi nilikuwa shahidi! Kwani mnafanya sherehe lini?"

Mle ndani hakuna aliyecheka. Simu ikakatwa.

"Mimi hujaniita hivyo hata siku moja," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, sasa si wakati wake."

"Najua. Nasema tu."

Shangazi akasogeza kiti. "Basi sikiliza. Huyu hakuvamii. Wewe ndiye uliyemposa, na shahidi ukamweka. Amekuja kukaa kwenye nafasi yake, na nafasi ni moja. Ndiyo sababu huyu mwenzio anasukumwa nje. Akishatoka huyu kabisa, yule ataonekana kabisa."

"Tunafanyaje?"

"Pete itatoka kwa neno lililoivisha. Umwite ulivyomwita, uivue, umwambie atoke asirudi. Mara moja inatosha." Akamshika mpwa wake mkono. "Lakini neno hilo halina macho. Litamchukua kila mume wako atakayelisikia, na ukilirudia baadaye litamleta yeyote aliye karibu. Mwalimu asiwepo chumbani, wala ukumbini, wala mlangoni. Nampeleka kwangu. Sisi tukishaondoka, hesabu nusu saa, ndipo uanze."

"Naweza kwenda mwenyewe," Mwalimu akasema.

"Gari gani litakalokusimamia, baba?"

Teksi ilipofika, Shangazi akatangulia kukaa mbele kwa sababu ya magoti yake. Mwalimu alisimama mlangoni, ameushika mkono wa mkewe, na mkono wake ulikuwa na joto lakini hauna kona, kama mkono ndani ya glavu nene. Bi Flashi alitaka kusema kitu. Alikiona kabisa kitu chenyewe, kimekaa kooni, maneno mawili tu, na hakuthubutu, kwa kuwa ndiyo yaleyale.

"Nenda," akasema. "Unamchelewesha Shangazi."

"Haya, bosi."

Akaingia ndani bila kungoja. Akasikia mlango wa gari ukifungwa, na gari likiondoka.

Nusu saa ile ilikuwa na dakika nyingi kuliko za kawaida. Alizunguka vyumba. Alifungua kabati, akatazama nyuma ya pazia, akachungulia bafuni, uani, chini ya kitanda, akahakikisha kwamba yuko peke yake na lile jambo. Akaosha vikombe vilivyooshwa. Akakaa, akasimama, akakaa. Na kila alipoketi alihisi kwamba kuna jambo ameitwa kulifanya, kama mtu aliyeacha jiko linawaka, na kila aliposimama harufu ya sufu ilisimama naye, ikamfuata studio, ambapo kamera ilikuwa mezani inawaka bila kuguswa, lenzi imelala pembeni yake, na mistari myekundu kwenye kioo chake ilikuwa imeacha kuchora vipande, inachora mwili mzima wa mwanamume mrefu aliyevaa koti, magoti, mikono, vidole, vifungo, masikio, kila kitu isipokuwa uso, na uso nao ulikuwa umeanza, kutokea kidevuni kwenda juu.

Hakungoja nusu saa itimie hadi sekunde ya mwisho. Akaishika lenzi kwa mkono mmoja na pete kwa mwingine. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikajaza nyumba.

"Mume wangu! Nakuvua pete yangu. Toka nyumbani kwangu, usirudi."

Kli.

Pete ikateleza kama iliyopakwa sabuni, ikabaki kiganjani.

Ukumbini kiti kikatoa mlio. Mtu alisimama. Nyayo zikavuka sakafu, za taratibu, za mtu asiyetaka kumsumbua mtu. Mlango ukafunguliwa, ukarudishwa kwa uangalifu, bila kubamizwa. Bi Flashi akaegemea meza. Akacheka, kicheko kifupi kibaya, akajifuta uso, na alikuwa bado anacheka simu ilipoita.

"Usianze!" Shangazi alikuwa anahema. "Unanisikia? Usiseme neno! Nimefika nyumbani, nageuka nyuma, kiti kitupu. Dereva ameondoa gari kabla hajapanda. Hakumwona. Na mimi, Mungu anisamehe, nimezungumza naye njia nzima!"

Akaidondosha simu, akaiokota, akapiga namba ya Mwalimu. Ikaita sikioni. Ikaita pia nje, barabarani, mlio ule wa kizamani aliokataa kuubadilisha, tayari uko mbali, unaenda. Akakimbia hadi barabarani. Watu walikuwa wengi, wa mchana wa Jumamosi, na kila mmoja alionekana vizuri, hadi vifungo. Alitafuta kati yao yule asiyeonekana vizuri, na alikuwa hajui mtu hutafutwaje namna hiyo. Mlio ukakatika. Akapokea.

"Nilirudi," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haina lawama. "Gari liliniacha. Nilikuita mara tatu, ulikuwa unapekua makabati. Ulipita mbele yangu. Nikaona nikae nisikuvuruge, nikidhani nusu saa bado na utaniona kabla hujaanza."

"Geuka. Mwalimu, geuka, nakuja, uko wapi?"

"Halafu ukaniita."

"Sikukuita wewe!"

"Ulisema mume wangu." Upande wake wa simu magari yakapita. "Nimejaribu kugeuka. Miguu inakwenda tu. Usikimbie, utaanguka, umevaa viatu vibaya."

"Mwalimu. Mume wangu. Mume wangu, unanisikia? Mume wangu, rudi."

Simuni kulikuwa na kelele za barabara, kisha barabara bila kelele, kisha hakukuwa na kitu.

Alisimama pale jua likimchoma utosini, watu wakimpita kulia na kushoto. Nyuma yake, ndani ya nyumba, mtu akavuta kiti mezani. Akakohoa kidogo kusafisha koo, kisha akauliza, kwa sauti nzuri iliyosikika hadi barabarani, leo wanakula nini.